Mwelu Amefariki, Safari Hii Ni Kweli

Wasikilizaji wapendwa, huyu ni Mzee Kaleli, na kabla hamjaguna, naapa. Nitakayosema asubuhi hii ni kweli tupu. Najua mnavyonijua. Ni mimi niliyewaambia humu kwamba mamba wa Mto Chania alipanda boda boda. Wekeni hayo kando. Mwelu amefariki. Mwelu mwimbaji, wa Ngoingwa. Narudia: Mwelu alifariki Alhamisi, na safari hii ni kweli.

Nasema safari hii kwa sababu ya kitabu.

Mwelu alianza kuimba akiuza nyanya sokoni Thika. Mteja akisita, anaimbiwa. Baadaye akaimba Ruiru, watu wakapanda paa la kinyozi ili wamwone, na ng'ombe wa Murera wakaongeza maziwa. Haya, ng'ombe tuwaache. Paa lilibonyea, kaliangalieni.

Kisha koo likaanza kuuma. Ilikuwa saratani. Madaktari walitoa uvimbe, na sauti ikaenda nao. Ukabaki mnong'ono. Kwa kuwa hakuweza tena kuimba, Mwelu akaandika maisha yake, umaarufu na ugonjwa, akakiita kitabu *Koo Langu na Mimi*.

Mumewe, Nzioki, fundi wa mashine kiwandani, ndiye aliyekipeleka kwa Gachau akichape. Gachau alikuwa hajawahi kuchapa kitabu. Yeye huchapa programu za mazishi. Mkono ukaenda ulikozoea: picha ya Mwelu ndani ya duara, maua pembeni, chini yake "Maisha Yake". Jalada la nyuma likasema, "Familia inawashukuru nyote mliosimama nasi wakati huu mgumu." Nzioki aliyasoma maneno hayo akayaona mazuri. Wakati ulikuwa mgumu kweli.

Wasomaji wakaniandikia hapa redioni. Ouma, mlinzi wa Kiandutu, alilalamika: "Umaarufu kurasa chache, hospitali kitabu kizima. Mimi nilitaka kujua lile gari lake jekundu liliishia wapi." Maggie wa Murera alisoma sura ya uvimbe, akajipapasa shingo, akafunga kitabu akaenda kupimwa. Wengine waliandika neno moja tu: pole.

Kina mama wa chama kimoja cha akiba cha Ruiru hawakuandika. Walikuja. Walikuwa wameanza na jalada la nyuma, wakajua Mwelu ameshakufa. Wakabeba sufuria, unga na sukari, kama inavyotakiwa. Kiongozi wao, Nekoye, ni mtu wa Bungoma, na kwao kilio huanzia barabarani. Nzioki alikuwa anakata sukuma wiki alipomsikia kutoka kona ya mbali. Mwelu akaenda kufungua lango mwenyewe.

"Karibuni," akanong'ona.

Nekoye akakaa kwenye vumbi, puu! "Ai! Wewe si umekufa?"

"Bado, dada. Lakini unalia vizuri. Endelea kidogo."

Wakapika hapo hapo. Mwelu akala chapati za matanga yake mwenyewe, na Nzioki alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nilikuwepo, wasikilizaji. Nililia langoni pamoja nao, nikafutwa machozi kwa chapati. Kisa kikaenea Thika yote, hata huko Juja watu wakakisimulia.

Sasa turudi kwenye Alhamisi hiyo.

Nzioki hakulia. Alikunja blanketi la Mwelu. Akaosha kikombe chake, akakiweka, akakichukua akakiosha tena. Aliazima viti kanisani akavipanga uani. Mukonyo, dada yake Mwelu, akainjika githeri, mahindi na maharagwe, na chai. Jioni watu wa Ngoingwa wakapita langoni, wakatazama viti, wakacheka. Mmoja akaita, "Nzioki! Mmetoa kitabu cha pili?"

Alipunga mkono. Hakujua afanye nini kingine na mkono huo.

Akapiga simu Ruiru.

"Shemeji," Nekoye akacheka, "mlinipata mara moja. Mwambie Mwelu aje langoni aniite mwenyewe."

"Hawezi."

"Najua hawezi kupaza sauti. Si anong'one?"

Nzioki alitafuta neno lenye nguvu kuliko "amekufa" asilipate, na hilo lenyewe alikuwa amelisema siku nzima hadi likapoteza ladha. Akasema, "Sawa, shemeji." Akakata simu. Akakaa kiti cha mbele, na nyuma yake viti vyote vitupu. Alijaribu kulia. Ikawa kama chafya inayokuja ikarudi.

Jana pia hakuja mtu. Tuseme wazi: watu hawakumkataa Mwelu. Wanaona walishamlilia.

Ndiyo maana naapa. Mwelu amefariki. Maombi ni leo jioni, nyumbani Ngoingwa. Mazishi ni Jumamosi ijayo. Nekoye, mama, kama unanisikia huko Ruiru, hakuna wa kukuita langoni. Anza kulia kutoka kona ile ile.

Kwa Nzioki, kwa Mukonyo, kwa jamaa wote: poleni sana. Nanyi mnaosikiliza, fikirieni kidogo. Yuko mgonjwa mliyempelekea sukari, mkaombea, mkaondoka mkijua zamu yenu imekwisha. Ulizeni habari zake leo.

Ngoja. Tabby wa mitambo ananipungia. Kuna simu. Ni Nzioki.

"Mzee Kaleli."

"Nzioki, pole, mwanangu."

"Asante. Ile siku ya kina mama hukuwepo."

"Nilikuwa nyuma nyuma, kwa wale wa..."

"Mzee. Ulisema utakuja. Mwelu alifunika chapati zako na sahani mpaka giza likaingia. Akazipa kuku."

Haya, wasikilizaji, sikuwepo.

"Basi nitoze faini. Ya chama, ya mchelewaji. Nakuja kuwaoshea sufuria zote."

"Sufuria ni safi, mzee. Hakuna mtu amekula. Wewe kuja ule."

Tabby, weka wimbo wowote wa Mwelu, na ukiisha weka mwingine. Koti langu liko wapi?