Kiti cha Dizeli

Kijiwe chetu kiko Bondeni, kwenye ukuta wa zile nyumba za zamani za kanso, yaani za baraza la mji, mahali Nanyama anauzia kahawa ya tangawizi. Tuna benchi moja, na benchi ina kona moja ya heshima iliyowekewa kipande cha godoro. Hapo ni pa mzee Kimeli, tunayemwita Dizeli kwa sababu alisukuma mkokoteni sokoni maisha yake yote bila kuzimika. Tangu apatikane na kansa ya tezi dume, hakuna mwingine aliyekalia godoro hilo. Asubuhi hii lilikuwa tupu. Jana Dizeli aliteleza bafuni, paja likavunjika, na sasa amelazwa hospitalini. Kijiweni habari mbaya haililiwi machozi, inabishaniwa kwanza.

Spana, fundi wa magari, ndiye aliyeanza.

– Mimi nilisema. Hiyo mazoezi ya daktari ndiyo imemmaliza.

– Daktari gani anaambia mgonjwa atembee? akadakia Hansard, ambaye hulala na redio na kuamka na hoja. – Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Sasa mtu asiyeenda kabisa atajikwaa na nini?

– Amejikwaa bafuni, akasema Nanyama.

– Si alienda? Angekaa tu hangeanguka.

– Sikizeni, akasema Spana. – Hiyo kansa ya wanaume inakaa pale chini imetulia. Ni kama uchafu kwa tangi ya gari. Gari ikiwa imezimwa, uchafu unalala. Ukiwasha, unapanda mpaka kwa injini. Dizeli akitembea, damu inachemka, inabeba kansa inapeleka kwa mfupa.

– Ndiyo maana wanasema damu nzito kuliko maji, nikasema, na sijui nilimaanisha nini.

– Na jasho je? Hansard akauliza. – Anadungwa sindano ya kansa leo, kesho anatoka jasho. Dawa yote imeenda na shati. Maji yakimwagika hayazoleki. Halafu huko juu anaambiwa atembee, si kunatoka ule mvuke wa volkeno ya Menengai? Ukipumua hiyo kitu ukihema, mfupa unalainika kama ndizi.

– Kwani wanaofanya kazi huko Menengai wanatambaa?

– Hao wamezoea, Nanyama. Wacha siasa.

Tulicheka kidogo. Kisha mtu akaangalia lile godoro, na hatukucheka tena.

Dizeli alikuwa ametueleza mapema. Kila asubuhi alitokea amevaa raba mpya, kamba amezikaza, anaelekea barabara ya juu. Alisema ile sindano inamla nyama na mifupa, na daktari amemwambia atembee, apande ngazi, ainue hata kijerikeni kidogo, miguu isije ikamwacha. Sisi tulimshika mkono. Kwetu mgonjwa hupewa kiti, haachwi apite wima kama askari wa zamu. “Keti mzee, utatembea kesho.” Kahawa ilimiminwa, naye hakuwa mtu wa kukataa kikombe cha wenzake. Akitaka kurudi nyumbani, Spana alimwitia boda impeleke mpaka mlangoni. Tulijivunia jambo hilo sana, na hata mchungaji alitutaja kanisani.

Basi tukiwa hapo, mwanamke mmoja akavuka barabara na mfuko wa hospitali mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema anaitwa Cheruto, binti wa Kimeli, ametoka Kamere anakofanya kazi kwenye mashamba ya maua.

– Nyinyi ndio marafiki ya baba? Nilitaka niwaone. Mungu awabariki.

Spana akasimama kumpisha. Cheruto akaketi pale kwenye godoro.

– Pole, mama, akasema Hansard. – Mzee anaendeleaje?

– Si mzuri. Daktari anasema miguu imeisha kabisa, haina nyama. Nikashangaa. Alituambia tangu mwanzo, kutembea hakutoi kansa, lakini mtu wa hiyo sindano akitembea anabaki na nguvu, hata akiteleza anajishika. Na baba amekuwa akitembea. Nikimpigia simu jioni ananiambia, leo tumeenda na Hansard na Spana. Nilikuwa nalala vizuri, nikijua hayuko peke yake.

Mfuko ulikuwa wazi, na ndani niliziona zile raba. Soli zake zilikuwa bado nyeupe.

– Sasa wanataka kumpasua hiyo paja, Cheruto akaendelea. – Lakini wanaogopa kama ataweza. Wameniuliza kabla ya kuanguka alikuwa na nguvu kiasi gani, na baba kwa vile amepewa dawa ya maumivu haongei vizuri. Daktari ananingoja. Niambieni tu, mkitoka hapa na yeye, mlikuwa mnafika wapi?

Spana alikuwa akijifuta grisi mikononi, na mikono yenyewe ilikuwa safi. Mimi niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu niwe mtu mzima, nikaangalia chini. Nanyama akafunika chupa ya kahawa ingawa ilikuwa imejaa.

– Hata kama si mbali, wazee, akasema Cheruto. – Mpaka wapi?