Sketi Iliyoshuka Upande Mmoja

Kijiwe chetu ni kreti nne za pombe ya soju zilizopinduliwa mbele ya karakana ya ushonaji, huku mtaani Changsin-dong, kwenye kilima ambacho hata pikipiki hupanda zikilia. Asubuhi ile kahawa haikuwa na ladha. Ndani, sketi ya hariri ilikuwa imevishwa sanamu ya kupimia nguo, na upande uliokatwa mshazari pindo lake lilikuwa limeshuka vidole vinne. Mkato huo ulipangwa na kompyuta. Saa sita mchana bosi angekuja kuamua abaki na nani: kompyuta, au mzee Baek, tunayemwita Mkasi, aliyekata nguo kwenye meza ile miaka thelathini na moja. Mimi niliiombea kompyuta aibu, sifichi.

— Imeumbuka, alisema Pil-gu, mbeba majora, tunayemwita Profesa. Damu nzito kuliko maji. Kompyuta ina damu?

— Methali hiyo imeingiaje hapa? aliuliza Gye-sun, dada yetu wa pasi.

— Kwa mlango, dada. Ile mashine inaigeuza nguo kuwa nukta elfu kumi, kila nukta imefungwa na mwenzake kwa springi. Halafu inakokotoa zitaning'iniaje.

— Sasa imekosea wapi?

— Hesabu zimepigwa mtaa wa Gangnam, kwenye tambarare. Sisi tuko mlimani. Uzito wa nguo unateremka na mtaa.

— Profesa, kunywa kahawa yako.

— Basi ni sanamu. Miaka yote hiyo kusimama, nyonga moja si itachoka?



— Nguo haishuki hivi hivi, alisema Mkasi. Kuna kitu mashine iliambiwa sivyo.

Ndipo akapanda binti mmoja, begi mgongoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akasema anaitwa Da-on, na zile hesabu ni zake.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Samahani, wazee wangu. Kile kipande mlichonitumia nipime ulegevu wa kitambaa, kilikatwa tu kwenye jora, au kilipigwa pasi kwanza?

Nilikuwepo Gye-sun alipokinyunyizia wanga na kukinyoosha mpaka kikakakamaa kama kadi ya harusi. Karakana yetu haitoi kitambaa chenye makunyanzi, hata kiwe cha ukubwa wa kiganja. Kumbe hesabu zilikuwa sawa, sisi ndio tuliozilisha uongo kwamba hariri yetu ni ngumu. Na mwenye kusema hivyo ndiye angekuwa amemfukuzisha Mkasi kazi.

Mkasi aliweka kikombe chini.

— Gye-sun, mjibu mtoto wa watu.

— Nikimjibu, kaka, kesho utakata wapi?