Revelian Kamugisha na Kivuko cha Mto Mzinga

Tarehe 30 Aprili 1957, Bwana Revelian Kamugisha anakabidhi funguo baada ya miaka ishirini na minane katika karakana yetu ya Temeke. Alianza mwaka 1929 akiwa utingo wa lori. Tangu 1951 ameendesha Landrova ya zahanati, akipeleka wakunga na dawa vijiji vya kusini, ambako barabara huisha kabla ya safari kwisha.

Hajui kukaa. Gari likisimama, yeye hulizunguka: agonge magurudumu, afungue boneti, ahesabu makumbi ya nazi aliyopakia ya kutandika kwenye tope. Mkewe, Mama Kokushubila, ametuonya kwamba tunamrudishia mtu atakayemaliza sakafu kwa kutembea.

Kila kivuko alikivuka mara mbili: kwanza pekupeku, akipapasa mashimo kwa nyayo, kisha kwa gari, magurudumu yote manne yakiwa yameshaunganishwa na injini kabla ya kugusa maji. Fundi wetu Marijani alizoea kumwuliza kama ameshatawadha, na msikiti uko ng'ambo gani.

Mara moja tu hakushuka. Shajara yangu ya ukarani wa karakana inasema: Jumanne, 21 Aprili 1953, mvua siku ya tatu. Ng'ambo ya Mzinga mwanamke alikuwa na uchungu tangu jana yake, na mkunga Yuliana akamwuliza Revelian kama mzazi asubiri mpaka yeye amalize kuosha miguu. Akaona haya, akaingia moja kwa moja. Gurudumu la kushoto likatumbukia, mengine yakachimba mchanga, makumbi yakachukuliwa na maji. Yuliana alijifunga kanga kiunoni, akajitwika mkoba, akavuka na kutembea maili mbili. Revelian alibaki akilizunguka gari majini hadi alasiri, asijue kama ameua mtu. Mama na mtoto walipona. Tangu siku hiyo hata kidimbwi cha Kinondoni alikipima kwanza.

Wiki iliyopita alisafiri mara ya mwisho, akiwa abiria wa mrithi wake, Romani. Njia nzima mguu wake wa kulia ulikanyaga breki isiyokuwepo. Mzinga ulikuwa umejaa. Romani akasimamisha gari bila kuambiwa, akavua viatu, akaingia majini kupima. Nilikuwa nyuma na masanduku ya dawa. Nikamwona Revelian, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, ametulia kitini.

Ahsante, Bwana Revelian. Shamba lako la Vingunguti likupe mihogo na usingizi mzito. Na kukaa kukikuchosha, karakana inaijua hodi yako.