Sarafu Isiyo na Meno

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha kinyozi, na asubuhi ile hakuna aliyetaka kukaa karibu na Sonara. Mama Kahawa alimpa sarafu ya fedha ya marehemu mama yake aigeuze kidani, binti yake akivae harusini Jumamosi. Imerudi ukingo laini kama kifungo cha shati. Birika lilikuwa linachemka, lakini Mama Kahawa hamimini mpaka aelezwe.

— Sonara, hii siyo niliyokupa.

— Ndiyo hiyohiyo, dada yangu. Haki ya Mungu.

— Ya mama ilikuwa na meno pembeni, mistari mistari!

Mwalimu mstaafu akakohoa. Akikohoa hivyo, ujue tumekwisha.

— Meno yaliwekwa kwa sababu, alianza. Zamani sarafu ziligongwa kwa nyundo, mojamoja, duara lake la kubahatisha. Wajanja wakawa wanakwangua fedha pembeni, wanaiyeyusha, halafu sarafu wanaitumia kama kawaida. Zilipokuja mashine za kutia meno, ukikwangua tu unaonekana.

— Kumbe! Wembe, kinyozi wetu, akaruka. Waliotengeneza hizo mashine ndio waliokuwa wakikwangua! Wangejuaje mchezo wote?

— Wembe, acha hizo, mwalimu akamkatiza.

— Na meno yana idadi ya siri, nasikia. Kila sarafu na yake. Wakubwa wanayahesabu usiku kwa miwani! Ndiyo maana Sonara kayaondoa, asikamatwe!

— Niliyasugua kwa tupa yakaisha, Sonara akasema taratibu. Yangemkwaruza bibi harusi shingoni.

Mwalimu akashika kichwa.

— Umefuta alama pekee ya kuitambua?

— Nilidhani nafanya kazi safi, mwalimu.

— Au kaibadilisha, Wembe akadakia, tupa ndiyo kisingizio.

Na mimi nilimshuku, aibu yangu, mtu aliyenitengenezea pete ya ndoa bure.

Hapo akatokea binti, gauni la harusi mkononi, limefungwa kwenye mfuko. Akachukua kidani, akajivisha.

— Mama, hii ndiyo sarafu ya bibi?

Mama Kahawa akapitisha kidole gumba ukingoni, akakizungusha mara mbili, mara tatu, kisha akamgeukia Sonara. Sonara alikuwa analia, na hata hapo hatukujua analilia nini, kosa lake au shuku zetu.