Ephraimu Swai na Kamba Iliyokataa Kushika

Mchungaji wetu, wazee wa ukoo, majirani wa Lemara na ninyi mliotoka mbali, kabla ya kuanza safari ya kwenda Machame familia imemtuma Romanus, shemeji wa marehemu, asome karatasi hizi tatu, naye anaomba radhi mapema, kwa sababu mbili za kwanza zinakwenda kama historia zote zinavyokwenda, lakini ya tatu ni maneno ya marehemu mwenyewe, na wapo ndugu waliotaka ibaki mfukoni.

Marehemu Ephraimu Gidion Swai alizaliwa Machame tarehe 14 Machi 1944, mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Gidion na mama Agnela, hivyo ndivyo cheti cha ubatizo kinavyosema, ingawa kitambulisho cha kazi kinasema 1946, na mama yake hadi anafariki alishikilia kuwa ilikuwa mwaka wa nzige, jambo ambalo familia imelijadili siku mbili bila muafaka, ikaona bora kufuata cheti cha kanisa kwa kuwa hakibishani na mtu. Alisoma shule ya misheni hapo hapo Machame kuanzia 1953 hadi 1960, akajifunza ufundi wa magari Moshi, na tarehe 1 Agosti 1971 akaajiriwa na shamba la serikali la ng'ombe wa maziwa la Engilata, chini ya Mlima Meru, alikopanda hadi kuwa mkuu wa karakana. Alifunga ndoa na Evaresta Jumamosi tarehe 9 Desemba 1972, Mungu akawajalia watoto watatu, Anneth, Arnold na Aika, ambao wote wapo hapa, na wote wanajua kwamba baba yao alikuwa mkali wa spana na bahili wa maneno.

Sasa ndiyo karatasi ya tatu. Mwaka 1993 shamba liliuzwa kwa mwekezaji, wafanyakazi wakapunguzwa hadi waliobaki wakawa wanaogopa hata kukohoa, na Mei 1994 ikaletwa mashine ambayo hakuna aliyewahi kuiona, inayovutwa na trekta, inazoa majani makavu na kuyaviringisha tumboni mpaka yawe robota la duara, halafu kengele inalia na kamba ya katani inaanza kuingia yenyewe, dereva anasimamisha trekta lakini anaiacha mashine iendelee kuzunguka, ili robota livute kamba na kujizungushia, ndipo afungue mlango wa nyuma. Dereva alikuwa Shabani Uwesu, mtu wa Kondoa, ambaye kabla ya hapo aliendesha mashine ya kusaga pale Sakina, na marehemu alimfundisha kazi yote kwa sentensi moja, kwamba akisikia kengele asimame, afunge, kisha afungue mlango.

Marobota yalitoka yakiwa hayana kamba, yakasambaratika shambani kama ugali usioiva. Marehemu alilegeza springi inayobana kamba, haikusaidia, akaikaza, haikusaidia, akanoa kisu cha kukatia kamba akidhani hakikati, akakitoa akidhani kinakata mapema, akabadili kamba ya katani kwa ile ya plastiki kutoka nje, akahakikisha mkunjo wa kamba unavutwa kutoka katikati na si pembeni, akarudi nyumbani amechanganyikiwa kiasi cha kutia chumvi kwenye chai. Kilichomvuruga zaidi ni kwamba jioni mashine ikirudi karakanani, Shabani akiwa ameshaondoka, yeye mwenyewe akikaa kwenye trekta na kuijaza majani, kamba ilishika vizuri kabisa. Kila asubuhi alimwuliza Shabani, kengele ilipolia ulifunga, na Shabani alijibu, nilifunga mzee, kama ulivyosema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Wiki tisa marehemu hakwenda shambani hata mara moja kusimama na kumwangalia mwenzake akifanya kazi. Badala yake aliamini kwamba Shabani anahujumu mashine kwa hasira ya wenzake waliopunguzwa, akamwandikia mwekezaji hivyo kwa mkono wake, na Ijumaa tarehe 22 Julai 1994 Shabani akafukuzwa kazi. Jumanne iliyofuata marehemu alipewa dereva mpya, kijana Bariki, akamfundisha kwa sentensi ile ile, ila safari hii alikwenda naye, kengele ikalia, na Bariki akaizima mashine yote, na alipofokewa akauliza kwa upole, si umesema nifunge, mzee. Marehemu alisema kuwa hapo ndipo alipoelewa, kwa maana yeye alimaanisha kufunga robota kwa kamba, lakini aliyetoka kwenye mashine ya kusaga, kama Shabani, gunia likijaa huambiwa funga, naye huifunga mashine.

Hakumwambia mwekezaji. Aliogopa kwamba fundi mkuu asiyejua kusema ndiye atakayefuata kufukuzwa, akamfundisha Bariki upya, akapokea barua ya pongezi, na barua hiyo hakuitundika popote. Waswahili wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, naye figo zilipomlaza kuanzia Agosti 1998 alimweleza mke wake yote, akataka yasomwe hapa, akafariki Alhamisi tarehe 11 Februari 1999.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Lemara waliopika na kukesha, na wafanyakazi wa Engilata, hasa Bariki, ambaye Jumamosi alimpata Shabani Uwesu hapo Olasiti, akilinda ghala la mbao, maana hakuna shamba lililompa tena usukani. Shabani yupo hapa, ameketi na mke wake Nusura karibu na wazee. Evaresta alipopiga magoti jana kumwomba msamaha, Shabani alimwinua, kisha akauliza, mama, sasa ile mashine ilikuwa ifungweje, kwa sababu miaka hii yote alidhani ana mkosi mikononi, na ndiyo maana hakuthubutu kushika hata trekta ya nduguze walipombembeleza. Evaresta, ambaye hajawahi kugusa mashine yoyote, alimweleza kwa vidole vyake, na Shabani akamwomba arudie.

Kwa hiyo familia inatamka mbele ya Mungu na mbele yenu kwamba Shabani Uwesu hakuharibu kitu, alifanya alichoambiwa.

Pumzika kwa amani, shemeji, limeshasemwa.