Kadi ya Didier

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki tena mulangoni. Aganze, zima radio. Charlène, kaa hapa na mutoto wako. Na wewe Didier, mudogo wangu, usisimame kama mugeni.

Munajua mimi na Didier tulinuniana miaka mingi kwa ajili ya migomba ya Nyangezi aliyotuachia baba, hata kanisani tukawa tunapishana bila salamu. Kisha vita ikakata barabara, Charlène akiwa Minova na mimba kubwa. Hapa Ibanda waporaji walibeba simu zetu zote. Ile laptop yangu kuukuu waliipima mikononi, wakacheka uzito wake, wakaiacha.

Parokia ilikuwa na wifi, lakini mashine ile ni ya zamani, haikuelewa wifi za leo. Nikaifungua, nikatoa kadi ya ndani inayoshika wifi, nikaweka mupya. Mashine ikakataa hata kuwaka. Mimi fundi, niliyefufua mashine za watu maisha yangu yote, nikaweka kichwa mezani nikalia.

Ndipo Didier akaingia, amesikia shida yangu kwa watu wa parokia, ametembea kwa miguu toka Kadutu huku risasi zikilia, na kadi moja ya wifi aliyoitoa katika duka lake la vifaa vya kompyuta.

"Yaya," akaniita mimi mukubwa wake, kama zamani, "acha kuifungua. Hii inaingia mu ubavu."

Ikaingia. Taa yake ndogo ikawaka. Tukaikimbiza parokiani, tukapiga video kwa masista wa Minova waliomupokea Charlène, naye akatokea kwenye kioo, amechoka, anacheka: "Papa, niko muzima. Angalia, iko mutoto mwanamuke!" Nikamushika Didier shingoni, na hakuna kati yetu aliyetaja migomba.

Basi sikieni, na mushike: damu ni nzito kuliko maji. Atelier yangu ya ufundi ni ya Aganze. Laptop ni ya Charlène, na kadi ile isichomolewe. Shamba la Nyangezi nusu ni la Didier, nusu lenu. Mupande miti ya mupaka pamoja naye, na siku hiyo mule chakula kimoja.

Charlène, niinue kidogo... Asante. Mungu amenipa zaidi ya nilichoomba. Awape usingizi bila woga, barabara zilizo wazi, na watoto watakaowazika ninyi, si ninyi muwazike wao.

Mulete huyo mutoto... karibu... niweke mukono juu yake.