Mama Cheti na Seva Iliyogoma Jumanne

Miaka thelathini na moja, miezi minne na siku kumi na moja: huo ndio utumishi wa Mama Cheti katika kiwanda chetu cha uchapaji, na hesabu kaipiga mwenyewe, maana sisi hatuaminiki kwa hesabu. Anastaafu Ijumaa, tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi jioni. Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi wa chumba cha kompyuta. Sababu iliyotajwa kwenye kikao ni kwamba nina maneno mengi. Sababu ya kweli ni kwamba nina mwandiko mzuri kuliko wote, ila wivu umewafunga watu midomo.

Mama Cheti aliingia hapa akiwa binti wa kupanga herufi za risasi, vidole vyeusi tii, akisoma maneno kinyumenyume kwa kasi ambayo wengine hatuna hata kwa kusoma kawaida. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wanaume watatu walisimama kubishana nani afungue boksi. Walipofikia muafaka, boksi lilikuwa tupu na yeye alikuwa anatafuta plagi. Tangu siku hiyo mitambo yote ya kompyuta ikawa mikononi mwake, na wale watatu wakapelekwa idara ya kufunga vitabu.

Jina lake la utani linatokana na vipande vya maboksi. Kila mashine katika kiwanda hiki imening'inizwa kipande kilichokatwa kwa mkasi, kimetobolewa tundu, kina kamba na penseli. Ndicho cheti. Ukigusa mashine unaandika: nani, lini, umefanya nini, kwa nini. Birika la chai nalo lina cheti chake, kinachoonyesha limeungua mara mbili, na mara zote mbili mtuhumiwa ni mhasibu. Meneja alipohamisha printa bila kuuliza alipewa penseli kama mtu mwingine yeyote. Maelezo yake yapo mpaka leo: "Nimeihamisha. Nilidhani itapendeza."

Miaka minane iliyopita kompyuta moja kuukuu ilikuwa inatupwa. Mama Cheti aliiokota, akaiweka stoo katikati ya marobota ya karatasi, akaigeuza seva ya gemu la kujenga mji kwa matofali. Alisema wafanyakazi wacheze mapumziko ya mchana badala ya kugombania ukurasa wa michezo wa gazeti moja. Mwenye nenosiri huingia hata akiwa mbali. Mji umekua. Una soko, shule, madaraja matatu, na jumba la mhasibu ambalo halina choo.

Mchezaji mkongwe kuliko wote ni mlinzi wetu, Mzee wa Geti. Mwanawe wa kike ni muuguzi katika nchi nyingine. Kwenye simu wawili hao husalimiana, huulizana afya, wakaishiwa maneno. Ndani ya gemu hawaishiwi. Kwa miaka mitatu wamejenga nyumba pamoja, baba ukuta, binti dirisha. Mwezi huu binti alipangiwa kituo kisicho na mtandao kwa miezi mitatu. Jumatatu, kabla ya kuondoka, alimalizia ngazi na chumba cha juu, akamwandikia baba yake asipande mpaka kesho yake mchana, akiwa ametulia.

Kesho yake ndiyo Jumanne.

Jumanne hiyo, saa sita na nusu, lilitoka toleo jipya la gemu. Mama Cheti alikuwa chini kwenye mashine ya kukata karatasi. Wiki moja kabla, katika makabidhiano, alikuwa amenipa nenosiri la akaunti kuu, ile inayofungua kila mlango ndani ya seva. Mtu ukishapewa ufunguo wa namna hiyo, vidole vinawasha. Niliingia kwa akaunti kuu, nikasasisha kila kitu kwa dakika nne, na lazima niseme zilikuwa dakika nne za ufundi wa hali ya juu. Kwenye cheti sikuandika kitu. Nilipanga kuandika nikishakula.

Saa saba kamili seva iligoma. Inaamka, inajikokota kidogo, inalala. Mzee wa Geti alishakaa mbele ya kompyuta, miwani usoni, kofia ya kazi kaiweka pembeni. Mpiga chapa alishauri tuizime tuiwashe. Tuliizima tukaiwasha mara sita. Nikasoma mstari wa mwisho kwenye kumbukumbu za seva, uliosema imeshindwa kuufungua mji, nikatangaza kwa sauti ya daktari bingwa kwamba mji umeharibika, tuufute, turudishe nakala ya Ijumaa iliyopita.

Mzee wa Geti aliuliza nakala hiyo ni ya lini. Tukamwambia tena, Ijumaa. Akavua miwani, akasema taratibu kwamba ngazi imemalizwa Jumatatu, na aliyeijenga hayupo hewani. Mpiga chapa akarudisha mfuniko kwenye bakuli lake la chakula.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta Mama Cheti alipoingia, wino puani. Hakutazama skrini. Alitazama cheti. Akauliza: "Mgonjwa katembelewa na nani?" Hakuna aliyenitaja, ila macho yote yalinitaja. Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi: "Mtaalamu, ondoa mkono hapo."

Jambo la kwanza alilofanya ni kunakili mji wote kama ulivyo, na ubovu wake. Dakika ishirini na mbili, sote wima. Mhasibu aliuliza faida ya kunakili maiti. Alijibiwa kwamba hapa bado hakuna aliyethibitishwa kufa. Kisha Mama Cheti akapandisha kumbukumbu za seva juu, mpaka kwenye lalamiko la kwanza kabisa, siyo la mwisho nililolisoma mimi. Liliandikwa wazi: ruhusa imekataliwa.

Ufafanuzi alimpa Mzee wa Geti, mimi nikaupata kwa kudokoa. Alimwambia afikirie meneja mwenyewe kaja, kaingia stoo, kapanga kila kitu upya, kisha kafunga kwa kufuli lake na kwenda zake. Mzigo upo, haujavunjika hata kidogo. Ila mtunza stoo haingii stoo yake. Gemu lina akaunti yake ndogo, na mimi, kwa kusasisha kwa akaunti kuu, nilikuwa nimeyaandikisha mafaili yote kwa jina la mkubwa huyo. Mzee wa Geti akasema kitu kama hicho amekishuhudia getini mara mbili. Mama Cheti akamwambia basi anajua wa kulaumiwa. Wakanigeukia wote wawili, pamoja na mpiga chapa, ambaye hakuhusika.

Dawa ilikuwa mstari mmoja wa kuandika, wa kuurudisha mji kwa mwenyewe. Seva ikaamka, ikajikokota, na safari hii haikulala. Ikabaki kompyuta ya Mzee wa Geti kukataliwa kwa kuwa na toleo la zamani. Nayo Mama Cheti akaisasisha, cheti kikiwa kimeandikwa kabla, siyo baada.

Mapumziko yalikuwa yamebaki dakika tano. Meneja, aliyekuja kuuliza kelele za nini, alisema geti linaweza kujilinda kidogo. Hilo halijawahi kutokea hapa. Mzee wa Geti alipanda ngazi, vidato arobaini na kimoja, sisi tukijifanya tunakagua marobota. Juu alikuta chumba chenye kiti kimoja, dirisha moja, na kibao ukutani: "Baba, kaa. Zamu yako imeisha."

Alisoma. Akasema kiti kimesogezwa mno dirishani. Halafu akakikalia mpaka kengele ikalia, na ilipolia alikaa kidogo tena.

Mimi nilipewa penseli. Kwenye nafasi ya sababu niliandika "usalama wa mfumo". Mama Cheti akafuta kwa raba, akanirudishia. Nikaandika "haraka". Akafuta. Mara ya tatu niliandika "kujishaua", akaweka sahihi. Cheti hicho kipo stoo, na kukitazama ni bure.

Ningeweza kutaja mengine, kama kazi za wateja ambazo hazijapotea hata ukurasa mmoja mikononi mwake, au sisi kumi na mmoja aliotufundisha, ambao kila mmoja anadhani ndiye aliyeelewa zaidi (wengine kumi wanajidanganya). Ila yeye mwenyewe ameomba wasifu uwe mfupi na usiwe na uongo. Ameomba pia Ijumaa akaunti yake ishushwe, aingie mjini kama mchezaji wa kawaida. Meneja ameidhinisha. Nitaishusha mimi, baada ya kuandika.

Mama, asante kwa miaka yote hiyo, na kwa kutotuachia seva bila kutuachia raba. Tunakuombea siku ndefu zenye afya na mitambo isiyokuita. Mchana ukipata nafasi, ingia mjini. Kiti chako cha chumba cha kompyuta hatumpi mtu. Unakwenda nacho nyumbani Ijumaa. Tumeshakifungia cheti. Nani: sote. Lini: tarehe thelathini. Kimefanywa nini: kimefutwa vumbi, kimekazwa mguu. Kwa nini: hapo tulikwama, tukamwomba Mzee wa Geti ruhusa ya kuazima maneno ya mwanawe. Kafikiri, kakubali, kachukua penseli akaandika mwenyewe: "Mama, kaa. Zamu yako imeisha."